Usilifute Lori la Kaka Yako

Zuhura,

Nina hasira na wewe, na sitaki upande basi kesho ukidhani zimekwisha. Nimeshinda nazo tangu asubuhi. Nimefagia uwanja nazo, nimepepeta uwele nazo, nimechambua mlenda nazo, bado zipo. Wewe umekwenda mjini kusukwa, nyumba imebaki na mimi na kuku. Naandika sasa hivi kabla hujarudi, kwa sababu ukirudi na hizo nywele mpya nitakutazama, nitakuonea huruma, halafu nitanyamaza kama ninavyonyamaza siku zote. Leo sitaki kunyamaza.

Mambo ya safari sitayaandika. Ukae kiti gani, usile nini njiani, hela uifiche wapi, hayo umeambiwa na kila aliyekuja kukuaga, na wewe si mtoto. Naandika juu ya kompyuta ya kaka yako, na juu ya neno ulilolisema leo mbele ya baba yako mdogo.

Ulisema, "Mama, ni gemu tu."

Najua utakavyowasimulia wenzako huko chuoni. Utasema mama yako alichanganyikiwa akagombana na shemeji yake uwanjani mbele ya mtu wa bodaboda. Sasa na mimi nisimulie. Tulikuwa hatujamaliza chai. Baba yako mdogo Iddi akaingia, hata shikamoo yako hakuitikia vizuri, akauliza, "Iko wapi?" Na wewe ukainuka, ukaingia chumba cha kaka yako Rama, ukatoka na kompyuta ikiwa imeshafungwa kwenye mkoba wake. Imeshafungwa, Zuhura! Kumbe mlikuwa mmeelewana kwa simu wiki nzima, na mimi nakupikia, nakufulia, nakuuliza kila jioni kama kuna jambo, unasema hakuna.

Nikauliza inakwenda wapi. Iddi akasema, "Kwa fundi, shemeji. Anafuta kila kitu, anaweka Windows, mtoto anakwenda chuo na mashine safi."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Vitu vya marehemu havitumiki hivi hivi, unajua mwenyewe. Nguo si tulizifua? Basi na hii inafuliwa kwa namna yake."

Hapo ndipo niliposhika mkanda wa mkoba. Na yeye hakuuachia. Ninajua tulionekana vibaya, watu wazima wawili tunavutana kama watoto na kamba. Akasema, "Mtu mzima unang'ang'ania mchezo wa watoto!" Nikamwambia, "Wa mtoto wangu." Mkanda ukakatika, mkoba ukabaki kwangu, naye akaanguka akakalia alizeti niliyokuwa nimeianika. Yule kijana wa bodaboda akageuka kutazama barabarani, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Na wewe badala ya kuja upande wangu ukasema lile neno lako, halafu ukaongeza, "Na Rama hayupo. Unatuaibisha."

Sijakupiga tangu ulipoanza shule. Leo mkono uliniwasha.

Nataka ukumbuke mashine hiyo ilivyokuwa ilipoingia humu ndani, kwa sababu naona umesahau. Ilikuwa nzee. Ulikuwa ukiiwasha, unaweka maji ya chai jikoni, yanachemka, unakunywa, ndipo inafunguka. Kaka yako wakati huo alikuwa hawezi tena kwenda shule kila siku. Siko seli, ule ugonjwa wake wa damu, ilikuwa imemkaa kwenye viungo, vidole vinavimba, na siku za baridi alikuwa analia kimya akidhani sisikii. Akasoma kwenye simu kwamba kuna kitu kinaitwa Linux, chepesi, cha bure, mashine nzee inakiweza. Akakiweka. Utasema basi na yeye alifuta yaliyokuwamo. Ndiyo, alifuta. Lakini mle ndani hakukuwa na mtu wetu.

Halafu rafiki yake akamletea gemu la malori kwenye flashi. Unajua kwa nini malori. Kila tulipotoka kliniki mjini alikuwa ananiomba tusimame pale yanapoegeshwa, tunakula mahindi ya kuchoma, anayahesabu matairi na kuwauliza madereva wanatoka wapi. Mmoja alimpandisha akakaa kwenye usukani. Alirudi nyumbani siku ile hana maumivu hata kidogo, au alinidanganya kwamba hana.

Gemu lenyewe lilitengenezwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux yake likagoma. Akaambiwa kuna kitu katikati, kinaitwa Wine, kinachofanya gemu la Windows likubali. Aliponitamkia nikamwambia, "Rama, nyumba hii haina mvinyo na haitakuwa nao." Mlicheka mpaka ukatoka nje. Sikujua kama nitakumbuka hata kicheko hicho, lakini nakikumbuka. Ulikuwa umevaa gauni la njano lililochanika kwapani.

Vidole vyake vilikuwa haviwezi kuandika. Wewe ndiye uliyeandika. Yeye amelala ubavu, anasoma kwenye simu, wewe umeweka mashine kwenye kinu kilichopinduliwa, unabonyeza herufi anazokutajia.

"Weka nafasi."

"Nimeweka."

"Umeweka mbili! Nafasi moja, Zuhura, moja!"

"Kwani ikizidi inapungukiwa nini?"

"Inakataa. Hii si mama, haisamehe."

Na mimi niko jikoni nasikia, najifanya sisikii. Siku ya kwanza gemu lilifunguka giza tupu. Siku nyingine maandishi yote yalikuwa visanduku vyeupe. Siku nyingine lori likatokea halina matairi, linaelea juu ya barabara kama kitanda, na Rama akasema, "Angalau tumefika barabarani." Mlirekebisha kitu kimoja, kingine kikaharibika. Sikuelewa hata robo, lakini nilikuwa nasikia sauti yake ikiwa na kazi ya kufanya. Unajua maana ya kusikia hivyo, baada ya miezi ya kusikia mtu anaugua?

Lilipokubali, lilikubali bubu. Halina sauti. Na wewe ukawa ndiyo injini. Kaka yako anaendesha kwa kidole kimoja, wewe umekaa nyuma yake unanguruma kwa mdomo, kwenye mlima unanguruma nzito, kwenye mteremko unapiga breki kwa meno. Alipotaka honi alikuwa anakugonga goti, unafanya "pooo". Miji yote ya humo ilikuwa ya Ulaya, majina hatuwezi kuyatamka, akaipa majina ya huku kwetu. Uliokuwa juu kilimani akauita Kilimatinde. Mwingine wenye ng'ombe pembeni ya barabara akauita Mungaa, akasema pale angalau tuna ndugu.

Huyo ndiye uliyemwita gemu tu.

Sasa nikwambie ninachokasirikia hasa, maana nisipokwambia utadhani ni mkoba na mkanda. Nakasirika kwa sababu ulijua. Ungekuwa umekaa mjini, hujui lolote, ningesema mtoto hajui. Wewe ulikuwa mikono yake. Unasema chuo wanataka programu za uhasibu za Windows. Sawa. Kaka yako alipata kitu cha Windows akakitafutia njia ya kukaa pale pale bila kumfukuza mtu, na wewe ndiye uliyeandika njia hiyo, herufi kwa herufi. Hukujaribu hata mara moja. Umempigia Iddi.

Nilimuuliza Rama siku moja hiyo Wine inafanya nini hasa, maana nilidhani inaigeuza mashine. Akasema haigeuzi kitu. Gemu linauliza kwa lugha yake, Wine inasikiliza, inauliza mashine kwa lugha ya mashine, jibu likija inalirudisha kwa lugha ya gemu. Gemu linabaki lilivyo na mashine inabaki ilivyo. Halafu akasema, "Kama wewe na bibi kule hospitali, mama."

Nikacheka. Akaendelea, na hakuwa na ubaya: "Ila haijui maneno yote. Ikifika neno isilolijua, gemu linaanguka. Kama wewe na bibi."

Sikucheka tena. Nilikwenda nje nikasimama. Nilimkasirikia mtoto mgonjwa, Mungu anisamehe, na mpaka leo kuna kipande cha hasira hiyo ninacho. Wewe hukuwepo hospitali siku ile, kwa hiyo nitakusimulia.

Bibi yako, mama yangu mzazi, aliletwa kutoka Mkalama kutibiwa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, salamu na bei. Daktari alikuwa kijana mzuri, ametoka mbali, hajui hata salamu ya Kinyiramba. Mimi nikakaa katikati. Rama alikuwa na kliniki yake siku hiyo hiyo, akakaa kwenye benchi anatusikiliza. Daktari akauliza maumivu yakoje. Mama akasema neno. Nilikuwa nalijua neno lile, Zuhura. Nilikuwa nalisikia utotoni, lina namna yake, si kuchoma, si kukata, ni maumivu ya aina moja tu. Nilikuwa nalijua na halikuja. Nililitafuta pale mbele yao nikakuta mahali patupu.

Nikamwambia daktari, "Anasema inauma."

Mama akanitazama. Kiswahili chake kilitosha kujua kwamba sicho alichosema. Akanishika mkono, akamgeukia daktari mwenyewe, akasema, "Basi. Inauma."

Nilipoolewa hapa Ilongero, wifi zangu walikuwa wananicheka ninavyotamka. Nikiomba maji wanaigiza. Nilikuwa msichana, umri kama wako, nikasema nitawaonyesha. Nikajifunza Kinyaturu mpaka wageni wakawa hawajui kama nimetoka kwingine, na Kinyiramba changu nikakiacha kama mtu anavyovua viatu mlangoni, nikidhani nikitoka nitavikuta. Hakuna aliyenilazimisha kwa fimbo. Walicheka tu. Ninyi wanangu sikuwafundisha hata neno moja. Baba yenu, Mungu amrehemu, aliniuliza kwa nini, nikamwambia halina faida. Kilichonisumbua baadaye si kwamba nilijifunza lugha ya watu. Hiyo nilihitaji na bado naipenda. Kilichonisumbua ni kwamba niliona lazima ile ya kwanza itoke ili hii iingie. Nafasi ilikuwepo ya zote mbili. Sikuuliza.

Huko unakokwenda watakucheka. Si wengi, na si wabaya wote. Sikwambii ufanye nini. Nakwambia tu nilivyofanya mimi.

Na kuna la mashati. Baba yako mdogo anasema nguo tulizifua. Hatukuzifua sisi, nilizifua mimi. Siku ile ya kumaliza matanga wakubwa walisema nguo za marehemu zifuliwe kabla ya kugawiwa, ndivyo inavyofanywa, na mimi nilikuwa sina nguvu ya kubisha wala sikufikiri kubisha. Nikajaza beseni. Nikatia sabuni ya unga nyingi. Shati lile la kijani alilolala nalo mwisho, lile lenye harufu ya dawa ya kuchua na jasho lake, nikalisugua kola kama vile anakwenda nalo shule. Nikaanika. Jioni nikaingia chumbani nikanusa mto, mto nao nilikuwa nimeufua. Nikanusa blanketi. Hakuna. Nyumba nzima inanukia sabuni.

Watu wakasema, "Umefanya vizuri, mama Rama, amepumzika." Nilitaka kuwatupia beseni. Nani aliwaambia alikuwa amechoka? Alikuwa na lori barabarani!

Lile lori bado lipo, hujui hilo. Hukuwahi kuiwasha mashine tena tangu Rama alipokwenda, na sikulaumu kwa hilo, kila mtu analia kwa namna yake. Mimi huwa naiwasha. Siku za soko, wewe ukiwa hupo. Nilikuwa nimetazama mnavyofanya, najua pa kubonyeza. Lori lake limeegeshwa kwenye kituo cha kupumzikia chini ya kile kilima chetu cha Kilimatinde, lina mzigo wa mbao wa kupeleka Mungaa. Taa za ndani zinawaka. Mvua ya humo inanyesha kidogo. Sifanyi kitu, natazama tu, kisha nazima. Mara moja nilijaribu kuliondoa, nikagonga kizuizi cha chuma, nikaogopa, nikazima bila kuhifadhi. Nilipowasha tena lilikuwa pale pale, halina hata mkwaruzo. Nilikaa nikalia, Zuhura. Kitu kimoja tu katika maisha yangu nilichokigonga nikakuta hakijaharibika.

Sasa Iddi anasema itafutwa kwa muda mfupi tu. Nami naamini. Hata mashati hayakuchukua muda.

Simchukii Iddi. Usiende na picha hiyo. Mvua zile barabara ilipokatika, ni yeye aliyembeba Rama mgongoni mpaka zahanati, matope magotini, na alipomshusha alikuwa analia kuliko mimi. Anataka uende na kitu kizuri, na anaogopa vitu vya mtu aliyekufa kama tulivyofundishwa wote kuviogopa. Lakini kupenda mtu si ruhusa ya kumfutia vitu vyake. Nilimwambia hivyo alipokuwa anajikung'uta alizeti. Akasema, "Shemeji, leo umekuwa mtu mwingine." Nikamwambia ndiyo kwanza ananiona.

Nina hasira na Rama pia. Alinificha. Wiki ile ya mwisho alikuwa ameshikwa na kifua, akawa anasema ni mafua, kwa sababu mlikuwa mmebakiza sauti tu na hakutaka nimpeleke mjini kabla gemu halijaongea. Wewe ulijua? Sitakuuliza ana kwa ana, na usinijibu. Kama ulijua, ulikuwa mtoto na alikuapisha. Nakumbuka tu asubuhi ile. Nilikuwa nakoroga uji wa uwele. Nikasikia, "Andika tena. Polepole. Sasa washa." Halafu honi ikalia humu ndani kama lori limeingia kwenye ukuta. Kuku wote wakatawanyika, jogoo akapanda juu ya banda, mimi nikamwaga uji kwenye moto. Nilikimbia chumbani na mwiko mkononi tayari kuwatandika. Nikakuta umejifunika uso kwa kicheko na yeye amekaa wima, Zuhura, amekaa wima mwenyewe bila mto, anabonyeza tena na tena. Akaniambia, "Mama, limeongea."

Baada ya hapo kifua kikazidi. Unajua yaliyofuata.

Kwa hiyo nimeamua hivi, na sikuombi ruhusa. Mkanda nimeushona kwa sindano ya shazia na uzi wa gunia, si mzuri lakini hautakatika hata mkivutana watu wanne. Kompyuta iko ndani ya mkoba, na barua hii iko juu yake. Haijafutwa. Iddi nimempigia kumwambia asirudi kwa ajili hiyo, aje kukuaga tu.

Programu za chuo zijaribu kwanza kwa njia ya kaka yako. Zikikubali, vizuri. Zikikataa, sitakudanganya, yeye mwenyewe alisema nyingine hukataa hata ufanye nini. Lakini aliwahi kusema pia kwamba Windows inaweza kukaa upande mmoja na yake ikabaki upande wa pili, kila moja na mlango wake, ukiwasha unachagua unaingia wapi. Tafuta huko mtu anayejua kugawa, usimpe anayejua kufuta tu. Na mashine ni nzee. Siku moja itakufa yenyewe au utahitaji nafasi yote, najua. Siku hiyo ikifika, fikisha kwanza zile mbao Mungaa. Kisha ufute wewe, kwa mkono wako, uliomwandikia. Usimpe fundi. Usimpe mtu asiyejua ulikuwa injini.

Nilitaka nikufiche hasira hizi uende na moyo mwepesi, kama nilivyofanyiwa mimi nilipoondoka kwetu. Mama aliniaga akicheka, na mpaka siku ile hospitali sikujua kwamba alikuwa na hasira, akiogopa nitaiacha lugha yake. Sitaki wewe ungoje kiasi hicho.

Ukifika usinipigie kusema umefika salama. Wanaosema hivyo wengine hawajafika. Tafuta umeme, washa mashine, subiri mpaka ulione lori na ile mvua yake. Ndipo unipigie. Usiseme kitu. Weka simu karibu na mashine ubonyeze honi. Mimi nitakuwa uwanjani, nimeweka sauti ya simu juu kabisa, na kuku wakimbie wakitaka.

Nasikia pikipiki inakata kona. Ni wewe. Naficha barua mkobani.

Mama yako,
bado na hasira zake.